Warasuli wa Yemen: hilo "rasul" lisikuchanganye

Mtu akisikia "Dola ya Banu Rasul", ukoo wa masultani uliotawala Yemen karne ya 13 mpaka ya 15, moja kwa moja akili inamwenda kwa Mtume, maana kwetu Rasuli ni yeye, basi anajua hawa lazima ni masharifu, yaani wa uzao wa Mtume. Wala. Rasul kwa Kiarabu ni mjumbe tu, mtu anayetumwa, na babu yao mmoja, Muhammad bin Harun, alikuwa anapeleka barua na ujumbe wa khalifa wa Baghdad, jina likamganda na watoto wakalirithi. Wenyewe baadaye walidai ni Waarabu wa kabila la Ghassan ila wanahistoria wengi wanasema hawa asili yao ni Waturuki.

Sasa Yemen walifikaje? Walikuja na Waayubi, ukoo wa Salahuddin, ambao waliichukua Yemen miaka ya 1170. Warasuli walikuwa maofisa wao tu. Mwaka 1229 mtawala wa mwisho wa Kiayubi akaondoka, akamwachia nchi Mrasuli mmoja, Nuruddin Umar bin Ali, amshikie, jamaa akashika kweli kweli! Mwanzo alijifanya bado ni naibu, taratibu akajiita sultani, na khalifa akamkubali. Aliuawa na askari watumwa wake mwenyewe, mwanawe al-Muzaffar Yusuf akatawala kuanzia 1250 mpaka 1295, na kwa maoni yangu huyu ndiye mkubwa wao wote, makao yake Taizz, akafika mpaka Dhofar ambayo leo iko Oman, na Wamongolia walipomuua khalifa Baghdad 1258 yeye ndiye akaenda kuivika Kaaba kiswa, lile guo lake.

Hela ilitoka wapi, hilo ndo la kuangalia. Mashamba yalikuwepo, kule Tihama, tambarare ya pwani ya Bahari ya Shamu, karibu na mji wa Zabid, lakini bandari ya Aden ndiyo iliyokuwa ng'ombe wa maziwa. Pilipili na vitambaa vya India, farasi wa kupelekwa huko huko India, vyote vinapita hapo vinalipa ushuru. Ibn al-Mujawir, msafiri aliyeandika kabla kidogo ya Warasuli kushika, anaeleza mlinzi anakaa juu ya mlima anaangalia matanga, jahazi likionekana watu wanalifuata kwa mashua, wanaandika majina na mizigo, halafu abiria anapekuliwa mpaka ndani ya kilemba na nywele, na wanawake wanapekuliwa na bibi kizee. Yaani eapoti ya leo haina jipya. Hata neno letu forodha ni hilo hilo furda lao.

Na pwani yetu ilikuwa kwenye njia hiyo hiyo, msafiri Ibn Battuta alipita Taizz kwa sultani al-Mujahid Ali (akasema watu wa mji ule wana kiburi, kama miji mingine wanakokaa wafalme), akaenda Aden, akavuka Zeila, Mogadishu, Mombasa, mpaka Kilwa mnamo 1331.

Kilichonishangaza mimi ni kwamba masultani hawa walikuwa wasomi wenyewe. Al-Ashraf Umar kaandika juu ya kilimo, nyota na dira, na kuna astrolabu (chombo cha kupimia nyota) yenye jina lake, ya mwaka 1291, iko makumbusho New York. Sultani mwingine, al-Afdal, naye ana kamusi ya lugha sita, Kimongolia na Kigiriki ndani!

Sio kwamba mambo yalikuwa shwari muda wote. Milima ya kaskazini maimamu wa Kizaidi, watawala wa madhehebu ya Kishia, hawakuwaachia nafasi, na huyo al-Mujahid alikwenda kuhiji 1351 Wamisri wakamkamata huko huko Makka wakambeba mpaka Kairo. Karne ya 15 ndugu wakaanza kugombania kiti, askari watumwa wakawa wanaweka na kutoa masultani wanavyotaka, na mwaka 1454 Banu Tahir, ambao walikuwa maofisa wao wenyewe, wakaingia Aden wakachukua na forodha yake.