Skrini ya Simu Kwenye Kompyuta Bila Waya: Dhana Potofu na Ukweli

Hapa Kigoma, dhana ninayokutana nayo mara nyingi kuliko zote ni kwamba kuonyesha skrini ya simu kwenye kompyuta bila waya kunamaliza bando. Si kweli. Miracast, teknolojia ya kurusha skrini iliyotangazwa mwaka 2012 na Wi-Fi Alliance, muungano wa kampuni za Wi-Fi, huunganisha simu na kompyuta moja kwa moja kwa mawimbi ya Wi-Fi, bila kupitia rauta wala mnara wa simu. Picha husafiri hatua chache tu ndani ya chumba, na intaneti haiguswi.

Nilipokuwa nikiwafundisha akina mama wakaushaji dagaa wa Kibirizi kutunza hesabu kwa simu, mmoja wao alikataa katakata simu yake kuunganishwa, kwa kuwa asubuhi hiyo alikuwa amejiunga kifurushi cha siku. Nilimwomba azime data kwanza, ndipo tukaunganisha. Jedwali lake la mauzo lilitokea kwenye kompyuta na likabaki hapo mpaka somo likaisha. Bando huliwa pale mtu anapofungua kitu cha intaneti, kama vile video, na hilo hutokea hata simu ikiwa haijaunganishwa na chochote.

Wapo pia wanaodhani kazi hii hufanywa na Bluetooth, ambayo kwa kweli hutosha kupeleka sauti lakini haiwezi kubeba picha za video zenye ubora.

Si kweli vilevile kwamba kila simu huungana na kila kompyuta. iPhone haina Miracast. Hutumia AirPlay, teknolojia ya Apple yenyewe, ambayo baadhi ya kompyuta za Mac zinaweza kuipokea tangu toleo la mfumo wa macOS liitwalo Monterey, la mwaka 2021. Kompyuta ya mezani isiyo na kadi ya Wi-Fi haitapokea Miracast kabisa, hata iwe mpya kiasi gani. Kwenye Windows, mara nyingi kipengele cha kupokea skrini hakijawekwa tangu mwanzo, hivyo hulazimu kukiongeza kupitia mipangilio, na hapo ndipo intaneti huhitajika, tena mara moja tu.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni ile ya kuamini kwamba watazamaji huona tu kile unachokusudia kuwaonyesha. Miracast hupeleka skrini nzima, pamoja na kila arifa inayojitokeza. Siku hiyohiyo ya Kibirizi, ujumbe wa pesa ulishuka juu ya jedwali la yule mama, ukiwa na kiasi alichotumiwa, jina la mtumaji na salio lake lote, na darasa zima likausoma. Aliifunika kompyuta kwa khanga yake kabla sijaufikisha mkono wangu kwenye kitufe. Tangu siku hiyo siunganishi simu ya mtu yeyote kabla hatujakaa naye pembeni, tukazima arifa zake zote, naye akaniambia kwa kauli yake kwamba yuko tayari.