Kwa nini programu ya Python hupoteza herufi ikishafungashwa?

Ujumbe ulikuwa mfupi: LookupError: unknown encoding: cp437. Kwenye laptopu yangu programu ilisoma jedwali la Excel (.xlsx) la bei za omena na mbuta bila shida. Nikaifungasha iwe faili moja la .exe, nikampelekea mama mmoja muuza samaki wa Dunga, hapa Kisumu, ambaye kompyuta yake haina Python. Kwake, faili lilelile la bei likakataa kufunguka.

Nikailaumu Windows yake. Kwangu usimbaji (encoding, yaani jinsi kompyuta inavyohifadhi herufi kama namba) ulikuwa herufi, na herufi zilikuwa fonti, basi nikaongeza fonti. Nikabadili lugha ya kompyuta. Nikaandika # -*- coding: utf-8 -*- juu ya msimbo kama hirizi. Kumbe mstari huo huiambia Python jinsi ya kusoma msimbo wenyewe tu. Faili la bei haulihusu kabisa. Windows nayo ilikuwa haina kosa. Python hutembea na majedwali yake ya usimbaji, faili ndogondogo ndani ya folda iitwayo encodings, na cp437.py ni mojawapo. Mimi ndiye niliyeliacha nyumbani.

Chukua mpishi wa Kondele aliyeitwa kupika harusi kule Bondo. Anayepakia vyombo anasoma orodha: sufuria, mwiko, mchele, mafuta. Kila kilichotajwa kinapanda pikapu. Mstari wa mwisho unasema "kiungo atakachoomba mgeni". Atapakia nini hapo? Mpishi angekuwa Kondele, mtoto angetumwa dukani. Bondo, saa tatu usiku, mgeni anaomba iliki na duka liko Kondele.

Kifungashi nacho husoma msimbo bila kuuendesha, kikifuata mistari ya import. import json ni sufuria, imetajwa. Jina cp437 hujitokeza kama neno tu programu ikiwa tayari inaendeshwa, hapo ndipo Python hulibandika nyuma ya "encodings." na kwenda kuitafuta moduli hiyo.

Lakini nani aliomba cp437? Si mimi. Faili la .xlsx kwa ndani ni ZIP, kifurushi chenye faili kadhaa, na Python ikikuta humo jina la faili lisilo na alama ya UTF-8, hulisoma kwa cp437, jedwali la herufi la IBM PC ya 1981. Bei ya omena ya leo asubuhi inapitia huko!

Dawa ni kulitaja jina: import encodings.cp437 juu ya msimbo, au --hidden-import encodings.cp437 ukitumia kifungashi cha PyInstaller. Kwa kifungashi cha py2exe, ongeza encodings kwenye orodha ya packages. Vifungashi vya siku hizi kwa kawaida hubeba folda nzima, kwa hiyo kosa hili likikutokea, angalia kwanza toleo lako, au kama kuna aliyeondoa baadhi ya faili za folda hiyo ili kupunguza ukubwa. Na likitokea hata kabla ya kufungasha, huenda umekosea tu tahajia ya jina la usimbaji. Ujumbe ni uleule.

Programu ilifunguka siku iliyofuata. Fonti zangu bado zimo kwenye kompyuta ya yule mama.