Umeneja hupotea kabla ya usaili

Mwanamke akikosa umeneja, lawama huenda kwa jopo la usaili. Ukifungua majalada ya watumishi utaona mambo yaliharibika zamani. Jopo huuliza: umewahi kukaimu? Umesimamia tawi? Mwenzake wa kiume ana barua mbili za kukaimu. Mwanamke ndiye aliyeendesha idara kila bosi alipokwenda likizo, ila aliambiwa kwa mdomo tu, "Dada, nishikie ofisi."

Huruma nayo inaumiza. Tawi linafunguliwa Sumbawanga, mkuu wa idara anasema, "Huyu tumwache, ana mtoto mchanga." Mwenyewe hakuulizwa. Pengine angekataa, pengine bibi wa mtoto yuko tayari kuhamia naye. Akirudi kutoka likizo ya uzazi anakuta tathmini ya mwaka imempa alama za mtoro.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo, na hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Hayo wengi wanayajua. Kifungu cha 7 ndicho kisichosomwa. Kinakataza ubaguzi wa jinsia, ndoa au ujauzito, na kinagusa kupandishwa cheo, uhamisho, mgawanyo wa kazi na hata mfumo wa tathmini. Pia kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa. Mwombe afisa utumishi wako akuonyeshe wa kwenu. Usishangae akiomba muda wa kuutafuta.

Bosi anayetaka penzi kabla ya kupitisha jina lako anatenda jinai: rushwa ya ngono imo katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Usifute meseji zake. TAKUKURU wanapokea simu bila malipo kwa namba 113.

Ukiachiwa ofisi, omba barua siku hiyohiyo, hata kama ni ya wiki moja. Ukirukwa kwenye uteuzi, uliza sababu kwa maandishi na utunze nakala nyumbani. Kwa sekta binafsi, lalamiko la ubaguzi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na siku hizo zinakwenda hata wakati bosi anakuambia usubiri kikao kijacho.