Je, wajua kwa nini waya wa nguzoni ni aluminiamu ila wa ndani ya nyumba ni shaba?

Ukiangalia juu kwenye nguzo za umeme mtaani, nyaya nyingi zinazopita pale ni za aluminiamu, zile nyeupe nyeupe, afu ukifungua swichi ukutani kwako unakuta waya mwekundu, shaba, au kopa kama wanavyoiita jamaa wa vyuma chakavu. Umeme ni uleule, sasa kwa nini?

Kule juu ishu ni uzito na hela. Shaba inapitisha umeme kuliko metali zote ukiitoa fedha (ile metali, silva), aluminiamu inafika kama asilimia 60 tu ya shaba, lakini shaba ni nzito zaidi ya mara 3. Kwa hiyo wanaweka aluminiamu nene kidogo na bado uzito unakuwa kama nusu tu, nguzo hazilemewi, na bei iko chini (na wezi wa kopa tunawajua).

Ndani ya nyumba hakuna kinachoning'inia. Kuna paipu nyembamba, kona kibao, fundi anakunja anavuta, na shaba inavumilia sana hiyo kunja kunja. Ila kasheshe lenyewe liko kwenye skrubu ya soketi. Aluminiamu ikikutana na hewa inajivika ngozi nyembamba ambayo haipitishi umeme, tena ukiibana inabonyea taratibu, ikipata joto inatanuka kuliko shaba, ikipoa inasinyaa, leo hivyo kesho hivyo mpaka pale kwenye skrubu panalegea, panachemka, plastiki inaanza kuyeyuka. Shaba nayo inashika kutu ila haisumbui kiasi hicho. Marekani waliyaona haya mwishoni mwa miaka ya 1960, kopa ilipanda bei wakafunga aluminiamu kwenye nyumba kibao, soketi zikaanza kuwaka moto, wakarudi kwenye shaba.

Sasa madukani kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu juu, ukiuangalia hivi hivi huwezi kujua. Kwa hiyo ukienda kununua waya wa 1.5 wa taa au 2.5 wa soketi (hizo namba ni unene wa waya, milimita za mraba), kwanza nyanyua roli, ikiwa nyepesi kupita kawaida shtuka, afu menya ncha, kwangua kwa kisu. Ukiona weupe ndani, rudisha, hata kama muuzaji anakuapia kwamba ni kopa tupu.