Kompyuta ya Mezani Ikigoma Kuamka, Usikimbilie Kuchomoa Waya

Umetoka kula mchana, unatikisa mausi, skrini ni nyeusi tii. Katika ofisi nyingi hapa Dar es Salaam, kinachofuata ni mtu kuinama chini ya meza na kuchomoa waya ukutani. Tunakusihi usianzie hapo. Kompyuta iliyolala imeiacha kazi yako kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda, na RAM hukumbuka pale tu inapopata umeme. Ukichomoa, barua ambayo hukuihifadhi huenda ikapotea.

Kwanza jua kama imeamka ila haitoi picha, au imeganda kabisa. Bonyeza Caps Lock huku ukitazama kitaa chake. Kikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, kompyuta iko macho na shida ni ya picha. Angalia kama monita imewashwa, kebo imekaza, na kwenye menyu ya monita limechaguliwa tundu ambalo kebo imechomekwa, HDMI au VGA. Bado nyeusi? Kwa Windows 10 na 11, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Draiva ya picha, yaani programu inayoendesha kadi ya picha, itaanza upya bila kufunga programu zako. Picha ikirudi, hifadhi kazi kabla ya jambo lingine lolote.

Kitaa kisipoitika, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja tu, kisha kiachie, usubiri kama dakika moja. Huenda kibodi ndiyo haina ruhusa ya kuamsha mashine. Ruhusa hiyo hutolewa kwenye Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, upande wa Power Management wa kibodi yenyewe. Ikishindikana kabisa, shikilia kitufe hicho sekunde 10 hadi izime. Hapo kazi isiyohifadhiwa itapotea, ndiyo maana hatua hii tumeiweka mwisho.

Tatizo likijirudia, mara nyingi chanzo ni draiva ya kadi ya picha au BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) iliyopitwa na wakati. Wakati mwingine ni pawasapulai, kifaa kinachoigawia kompyuta umeme, iliyochoka: mashine ikilala, hutegemea njia ndogo ya volti 5, na hiyo ikilegea haiamki. Tafadhali usilifungue boksi la pawasapulai mwenyewe, kwani ndani hubaki umeme hata baada ya kuchomoa.

Kwa jiji ambalo umeme unaweza kukatika ghafla, ushauri wetu kwa asiye na UPS, betri ya akiba ya kompyuta, ni kutumia Hibernate badala ya Sleep, ule usingizi wa kawaida. Hiyo huandika kila kitu kwenye diski kabla ya kuzima, hivyo umeme ukikatika usiku, asubuhi utaikuta kazi yako. Kama haionekani kwenye menyu, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, uandike powercfg /hibernate on, kisha iongeze kwenye mipangilio ya vitufe vya kuzimia.

Ukimwita fundi, mweleze kitaa cha Caps Lock kilifanya nini na kama feni ilizunguka. Akijua hayo, hatakuwa na sababu ya kuanza kwa kukufutia Windows.