Mwalimu, nimeitwa, niache gereji?

Hili swali haliishi. Nafundisha Agano Jipya darasa la jioni la wainjilisti, na mwaka jana fundi pikipiki mmoja, Biblia yake kurasa za Marko zimejaa alama za vidole vya oili, alinivuta pembeni akasema mwalimu mi nimeitwa, sasa niache gereji?

Sikumjibu moja kwa moja. Nikamuuliza, kijana akija kujifunza kwako anaanzaje? Akacheka. Akasema mwanzoni anaosha nati na petroli tu, afu siku moja nanyoosha mkono sijasema kitu ananipa spana namba 10, hapo najua huyu anakuja.

Ndo hapo sasa. Sisi tukisoma "wanafunzi wa Yesu" akili inakimbilia madawati, daftari na cheti. Neno la Kigiriki ni mathetes, linatoka kwenye kitenzi cha kujifunza ni kweli, ila kujifunza kwa enzi zile ilikuwa unaongozana na mwalimu njiani, unakula naye, unaona anavyomjibu mtu aliyemuudhi. Mi ningepewa kutafsiri ningeandika mwanagenzi, yaani anayejifunza kazi kwa kukaa na fundi, najua wazee wa kanisa wasingenielewa kabisa. Na Matendo 4:13 pale baraza linapowashangaa Petro na Yohana, moja ya maneno waliyoitwa ni idiotes, wala siyo tusi, ni mtu wa kawaida tu asiye mtaalamu, na kilichowatambulisha ni kwamba walikuwa pamoja na Yesu.

Haya, kuacha kazi. Watu wanashika Marko 1 wanaishia hapohapo, Petro na Andrea wameacha nyavu, Yakobo na Yohana wamemwacha baba yao chomboni (na vibarua lakini, mzee hakuachwa peke yake, hiyo wahubiri huwa wanairuka). Lawi mtoza ushuru naye, kwenye Marko 2, akanyanyuka pale forodhani, na mi naona yeye ndo alijilipua hasa, maana mvuvi nyavu atazirudia, Petro alizirudia kwenye Yohana 21, ila meza ya ushuru ukiiacha kesho kakaa mwingine. Afu cheki alichofanya: hatusikii amehubiri, tunasikia ameandaa karamu kwake, watoza ushuru wenzake wamejaa sebuleni na Yesu yumo katikati.

Sasa fungua Marko 5. Yule aliyetolewa pepo ng'ambo ya ziwa anaomba mwenyewe kabisa afuatane na Yesu, anakataliwa, anaambiwa nenda nyumbani kwa watu wa kwenu, na akaenda, watu wa Dekapoli, lile eneo la miji kumi, wakamsikia. Huyo naye kaitwa, tena kaitwa abaki. Na Zakayo, bosi wa watoza ushuru pale Yeriko, Luka 19 haisemi popote kwamba aliacha kazi, ila hesabu zilibadilika, nusu ya mali kwa maskini na aliyemdhulumu anarudishiwa mara nne.

Fundi wangu alikaa kimya muda mrefu kidogo, anajifuta vidole kwenye suruali. Nikadhani sijaeleweka. Kumbe anapiga hesabu, akaniuliza kwa sauti ya chini, mwalimu, kama nilimfungia mteja plagi iliyotumika nikamchaji bei ya mpya, hiyo mara nne inapigwa kwenye plagi tu, au na ufundi?