Maswali ya saa ni mbio za mishale miwili

Saa ya ukutani ikionyesha saa tisa na nusu, pembe kati ya mishale yake ni nyuzi ngapi? Watahiniwa wengi huandika 90. Wanauona mshale mrefu umeshuka kwenye 6, wanauchukulia mfupi kuwa uko kwenye 3, wanahesabu nafasi tatu za nyuzi 30 na kukimbilia swali linalofuata. Jibu ni 75, na zile nyuzi 15 walizozidisha ndizo zilizobeba mada nzima.

"Maswali ya saa" ni aina ya maswali ya kupima uwezo wa kufikiri yanayotumia saa ya mishale: pembe kati ya mishale, wakati inapokutana, saa inayoonekana kwenye kioo, saa inayokimbia au kuchelewa. Huko India, ambako mitihani ya kuingia serikalini, benki na reli hufanywa na mamilioni ya vijana, ni mada ya kudumu inayofundishwa peke yake. Kwetu mtu hukutana nayo kwenye vitabu vya kujiandalia usaili na mitihani ya mchujo, mara nyingi bila kufundishwa shuleni. Ukiielewa unajipatia alama kwa nusu dakika, kwa sababu hesabu yake ni ya kutoa na kugawanya tu.

Kabla ya kanuni yoyote, teremsha saa ya ukutani, igeuze, ushike kile kidude cha nyuma cha kurekebishia majira. Kizungushe polepole huku ukiitazama saa kwa mbele. Mshale mrefu, ule wa dakika, utauona ukienda. Mfupi utaonekana kama umelala. Endelea mpaka mrefu uwe umemaliza duara moja: mfupi umesogea nafasi moja, labda kutoka 3 hadi 4. Rudisha mfupi kwenye 3 urudie, safari hii usimame mrefu unapofika kwenye 6. Mfupi uko katikati kabisa ya 3 na 4. Nimewafanyisha zoezi hili vijana waliokuwa wamekariri kanuni kwa miezi, na hapo ndipo walipoacha kukosea lile swali la saa tisa na nusu.

Sasa namba. Duara lina nyuzi 360, na uso wa saa una nafasi 12, kwa hiyo kila nafasi ni nyuzi 30. Mshale mrefu humaliza duara kwa dakika 60, yaani nyuzi 6 kila dakika. Mfupi huenda nyuzi 30 kwa dakika 60, yaani nusu nyuzi kila dakika. Kila dakika inayopita, mrefu humsogelea mwenzake, au humwacha, kwa nyuzi 5 na nusu. Ukiondoka na namba moja tu hapa, ondoka na hiyo 5.5.

Turudi kwenye saa tisa na nusu. Mshale mfupi ulikuwa kwenye 3, nyuzi 90 kutoka juu, kisha kwa dakika 30 umejiongezea nyuzi 15, jumla 105. Mrefu uko kwenye 180. Tofauti ni 75. Ukipata tofauti inayozidi 180, itoe kwenye 360, maana swali likisema "pembe" bila maelezo zaidi linataka ile ndogo.

Hapa pana mtego unaotuhusu sisi tunaosema Kiswahili. Sisi tunahesabu saa za mchana kuanzia alfajiri inapopambazuka, lakini uso wa saa umechorwa kwa hesabu inayoanzia usiku wa manane. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7 tunasema saa moja wala hatufikirii. Mtaani haina neno. Kwenye karatasi ya mtihani, mtu anayesoma "saa nne na dakika 20 asubuhi" anaandika 4 kwenye kanuni, wakati mshale uko kwenye 10. Tazama inavyoharibika: kwa 4, mfupi uko nyuzi 130 na mrefu 120, tofauti 10. Kwa 10, mfupi uko nyuzi 310 na mrefu 120, tofauti 190, ukitoa kwenye 360 unabaki na 170.

Kumi na mia moja sabini. Jumla yake ni 180, na si kwa bahati. Tofauti kati ya hesabu yetu na ya uso wa saa ni saa 6, na saa 6 kwa mshale mfupi ni nusu duara kamili. Umeuweka mshale upande wa pili, basi pembe uliyopata ni kile kinachobaki ukitoa pembe ya kweli kwenye 180. Kosa hili kwa hiyo linarekebishika: ukigundua umeingiza namba ya mdomoni badala ya namba ya usoni, usianze upya, toa jibu lako kwenye 180. Mishale ikiwa kwenye nyuzi 90 kosa halionekani hata kidogo, na ndiyo sababu mtu anaweza kufanya mazoezi ya saa tatu kamili na saa tisa kamili akapata yote, halafu akaanguka kwingine. Ushauri wangu ni mmoja: chora duara dogo pembeni mwa swali, tia mishale, kisha soma namba kutoka kwenye mchoro wako.

Swali la pili kwa umaarufu ni la kukutana. Kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, mishale inalaliana lini? Saa kumi kamili mfupi uko kwenye 4 na mrefu kwenye 12, kwa hiyo mrefu una deni la nyuzi 120. Deni hilo unalilipa kwa 5.5 kila dakika. Gawanya 120 kwa 5.5, unapata dakika 21 na 9/11. Ukiulizwa lini inafanya nyuzi 90 ndani ya saa hiyohiyo, yapo majibu mawili. Kwanza mrefu ukiwa bado nyuma kwa 90, ambapo umeshalipa 30: dakika 5 na 5/11. Kisha ukiwa umepita mbele kwa 90, umelipa 210: dakika 38 na 2/11. Mstari mnyoofu, yaani mishale ikielekea pande mbili kinyume kwa nyuzi 180, unahitaji 300, nayo ni dakika 54 na 6/11. Ni mbio zilezile, umbali ndio unaobadilika.

Katika saa 12 mishale hulaliana mara 11, wala si 12. Kati ya namba 11 na 12 hailaliani mpaka ifike juu kabisa, saa sita kamili, na kulaliana huko ndiko hukohuko kwa nafasi ya kati ya 12 na 1. Kwa siku nzima ni mara 22, na kila mara hupishana kwa dakika 65 na 5/11. Mstari mnyoofu nao ni mara 22 kwa siku, na nyuzi 90 ni mara 44.

Saa ya kwenye kioo haina uzito: toa wakati unaouona kwenye 11:60, ambayo ni 12:00 iliyoandikwa kwa namna inayorahisisha kutoa. Kioo kikionyesha 8:20, saa yenyewe inasoma 3:40. Hapa hata ukitumia hesabu ya Kiswahili unafika salama: 2:20 ukiitoa kwenye 11:60 unapata 9:40, yaani saa kumi kasoro dakika 20, wakati uleule.

Saa inayokimbia ndiyo inayowaangusha hata wazuri. Saa imerekebishwa saa mbili kamili asubuhi, nayo huzidisha dakika 5 kila saa. Sasa inaonyesha saa nane na nusu mchana. Wakati wa kweli ni upi? Mwenye haraka huchukua saa 6 na nusu, akazidisha kwa 5, akatoa dakika 32 na nusu. Amekosea kwa sababu zile saa 6 na nusu zimehesabiwa na saa mbovu yenyewe. Dakika 60 za kweli zikipita, hiyo hupiga 65. Imeonyesha dakika 390. Gawanya 390 kwa 65, unapata saa 6 za kweli, na wakati ni saa nane kamili. Ukiona neno "huzidisha" au "huchelewa" kwenye swali, anza kwa kujiuliza dakika ulizopewa zimehesabiwa na saa ipi kati ya hizo mbili.